Sanaa kwa Masafa: Yanayosafiri na Yanayobaki Gorong'a

Kijana wa Gorong'a, katika Wilaya ya Tarime, anayetaka kujifunza utunzaji wa hesabu za biashara bila kuhama kijijini kwake, ana njia ambayo imekwisha kukanyagwa na wengi. Atapokea vitabu, atafanya mazoezi, atayapeleka kwa msahihishaji, naye atarudishiwa yakiwa na alama na maelezo. Kanuni za kujumlisha na kutoa ni zilezile Gorong'a na Dar es Salaam, na kosa lililo katika daftari huonekana wazi hata kama aliyelitenda yuko umbali wa kilomita 800. Lakini yuko kijana wa pili, wa kijiji hicho hicho, ambaye anataka kujifunza sanaa: kutunga mashairi, au kuchora, au kupiga iritungu, yaani kile kinubi cha nyuzi nane cha Wakurya ambacho kwa Kiswahili wengi hukiita litungu. Je, huyu naye aweza kufundishwa kutoka mbali?

Swali hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Mitaala mipya ya sekondari, iliyoanza kutumika mwaka 2024, imeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, na sanaa bunifu imepata nafasi humo. Baraza la Mitihani kwa miaka mingi limekuwa likitahini muziki, sanaa za ufundi na sanaa za maonyesho, lakini shule zenye walimu wa masomo hayo ni chache, na nyingi za hizo haziko vijijini. Chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya kufundisha sanaa, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kiko pwani, upande wa pili wa nchi. Basi watu husema: na tufundishe kwa masafa.

Wanaojibu swali hili hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza hushikilia kwamba sanaa ni kipaji, haifundishiki kwa barua wala kwa mashine. Wa pili hudai kwamba simu ya mkononi imekwisha kumaliza umbali, hivyo hakuna tatizo tena. Kwa maoni yangu makundi yote mawili hukosea kwa sababu moja: huitaja sanaa kana kwamba ni kitu kimoja. Mwanasayansi hana budi kuuliza kwanza ni nini hasa kinachotakiwa kusafirishwa, na chombo cha kusafirishia kinapitisha nini na kuzuia nini.

Barua na mtu aliye karibu

Elimu kwa njia ya posta ina umri mkubwa. Mwaka 1840, Uingereza ilipoanzisha posta ya bei nafuu, Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa kadi za posta: mwanafunzi alinakili maneno machache, akayatuma, akarudishiwa yamesahihishwa. Hapa petu, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha elimu kwa njia ya posta mwaka 1972 kwa msaada wa Uswidi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na leo kina vituo mikoani, kimojawapo kikiwa Musoma.

Lakini jaribio kubwa kuliko yote lilitokana na uamuzi uliofanyika katika mkoa huu huu wa Mara. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, ambapo shabaha ya awali ilikuwa 1989. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu kwa kasi hiyo. Ndipo vijana zaidi ya 45,000 walipoandikishwa kuanzia mwaka 1976 ili wasomee ualimu huku wakifundisha vijijini, na wapatao 38,000 wakafuzu. Walipata masomo kwa posta na kwa redio. Hata hivyo jambo ambalo husahauliwa ni kwamba hawakuachwa peke yao na bahasha. Walikuwa na wakufunzi waliowatembelea, na walimu wenye uzoefu waliokaa nao, waliowatazama wakisimama mbele ya darasa na kuwaambia papo hapo lililokwenda vibaya. Mwishoni walikusanywa chuoni kwa wiki chache.

Vivyo hivyo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowashirikisha watu wapatao milioni 2, haikumtegemea msikilizaji mmoja mmoja. Watu walisikiliza kwa vikundi, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamepata mafunzo kwanza. Kwa hiyo historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba masomo ya mbali yalifanikiwa pale yalipokutana na mtu aliye karibu. Tutaona kwamba katika sanaa mtu huyo wa karibu hahitajiki kwa kiasi kilekile kila mahali.

Sanaa iliyokaa vizuri ndani ya bahasha

Tuanze na ushairi, maana hapa wale wanaokana kwamba sanaa hufundishika kwa barua hukanushwa na historia ya Kiswahili chenyewe. Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, na kwa miongo kadhaa kurasa zake za mashairi zilikuwa kama chuo kisicho na majengo. Mtu alituma shairi kutoka Tanga, mwingine akalijibu kutoka Ujiji. Wa tatu akamwonya wa kwanza kwamba mizani imepungua au kina kimekosekana. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali na aliyehamishwa kituo hadi kituo, alikuwa miongoni mwa waliochapisha humo. Mnamo 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa kitabu kilichoeleza sheria za kutunga mashairi, na tangu hapo mwanafunzi wa mbali akawa na kitabu cha kiada cha fani hiyo.

Mfano ulio bora zaidi ni Mathias Mnyampala. Huyu alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa 1917, wala Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Hata hivyo alitunga kwa wingi, diwani yake ikachapishwa 1963, akawa kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ndiye aliyeieneza ngonjera iliyokuja kuimbwa na wanafunzi wa shule zote nchini. Mtu aliyekulia mbali kabisa na pwani aliimudu sanaa ya pwani kiasi cha kuwaongezea wenyewe bahari nyingine.

Kwa nini iliwezekana? Jibu liko katika umbo la shairi. Ubeti wa tarbia una mishororo 4. Mshororo wa kawaida una mizani 16, yaani 8 kwa 8. Jumla mizani 64, na vina katikati na mwisho. Kila mojawapo ya mambo haya huonekana kwenye karatasi. Msahihishaji wa Tanga na mtunzi wa Tarime wakihesabu mizani ya mshororo mmoja watapata hesabu ileile. Tena kosa la shairi lina subira: hukaa karatasini wiki mbili, au mwezi, likimngoja msahihishaji, wala halizidi kuwa kubwa kwa kungoja.

Lakini tusiseme kwamba kila ushairi hupita katika bahasha. Wimbo wa Kikurya ni jambo jingine. Kikurya, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana. Wanaisimu waliochunguza vitenzi vya Kikurya wamekuta utaratibu wa ajabu: toni ya juu huanza katika mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina la kitenzi, kutegemea njeo. (Mora ni kipimo cha urefu wa silabi, irabu fupi ni mora moja, irabu ndefu ni mbili.) Mtoto wa Gorong'a hufanya hesabu hiyo kila anapofungua kinywa, bila kujua kwamba anahesabu. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni. Kwa hiyo mhariri aliye mbali, asiyejua Kikurya, akipokea wimbo huo kwa barua, anapokea mifupa bila nyama, na ushauri atakaotoa juu ya mdundo wake utakuwa wa kubahatisha.

Picha

Uchoraji uko katikati. Mwaka 1987 Michael Young, Mwingereza ambaye hapo awali alikuwa ameshiriki kuanzisha vyuo vingine vya masafa, alianzisha chuo huria cha sanaa ambamo wanafunzi walichora nyumbani, wakafunga kazi zao katika vifurushi, wakazituma kwa wakufunzi, na kurudishiwa pamoja na maelezo marefu. Wengi walidhani ni kichekesho, lakini chuo kikadumu. Picha, kama shairi, ni kitu kilichokwisha kukamilika. Yaweza kutazamwa na mtu mwingine siku nyingine.

Siku hizi wanafunzi hawatumi picha yenyewe, hutuma picha ya picha, iliyopigwa kwa simu, na hapo hasara huingia kimyakimya. Kamera ya simu hujaribu yenyewe kukisia rangi ya mwanga uliopo, kisha hurekebisha rangi zote kufuatana na makisio hayo. Udongo mwekundu uliopakwa mchana kivulini utaonekana wa namna moja, na chini ya taa ya usiku utaonekana wa namna nyingine. Dawa yake ni rahisi: mwanafunzi aweke kipande cha karatasi nyeupe na rula kando ya kazi yake kabla ya kupiga picha. Karatasi humwonyesha mkufunzi jinsi nyeupe ilivyopotoshwa, na rula humpa ukubwa.

Hata hivyo, mng'ao wa rangi na mwendo wa brashi haviokolewi na karatasi wala rula. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, hakuacha kitabu. Aliacha vijana waliokaa naye Dar es Salaam wakitazama jinsi anavyochovya rangi ya kung'aa na kuivuta juu ya ubao, na vijana hao wakaacha wengine. Michael Polanyi, mkemia wa Hungaria aliyegeukia falsafa, alieleza katika kitabu chake cha 1966 kwamba sehemu ya ujuzi wa fundi hukaa nje ya maneno, hata fundi mwenyewe akitaka kuisema hawezi. Aliyeketi kando ya Tingatinga alipata sehemu hiyo bila kuambiwa.

Nyuzi nane

Sasa tufike kwenye iritungu, ambako jambo lenyewe huwa gumu.

Ala hii ina bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, boriti ya kupitisha nyuzi, na nyuzi nane. Jamaa zake wa karibu ni obokano ya Wagusii na nyatiti ya Wajaluo. Mpigaji habonyezi uzi ili kuufupisha kama apigaye gitaa. Kila uzi hutoa sauti yake, na nyuzi zote zina urefu unaokaribiana. Hivyo tofauti za sauti hutokana hasa na mvutano na uzito wa nyuzi. Sheria yake iliandikwa na Marin Mersenne mwaka 1636, na wanafunzi wa sekondari huikuta katika vitabu vyao: idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani frikwensi, hukua kwa kipeo cha pili cha mvutano kilichochukuliwa kinyume, au kwa lugha nyepesi, ukitaka kuirudufu frikwensi ya uzi kwa kuukaza tu, lazima uongeze mvutano mara nne. Ndiyo maana fundi hukaza kidogo kidogo, na ndiyo maana uzi hukatika mikononi mwa asiye na uzoefu.

Tuseme kijana wetu anafundishwa kupiga kwa kanda au kwa rekodi anazotuma na kupokea. Shida ya kwanza ni ya wakati. Ikiwa anarudia mfuatano mmoja mara 40 kwa siku, na majibu ya mkufunzi yanachukua siku 14, basi kosa lake litakuwa limerudiwa mara 560 kabla ya kusahihishwa. Kosa la shairi lilikuwa karatasini. Hili limo katika vidole, na kila marudio hulizamisha zaidi. Kulitoa ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya.

Shida ya pili ni ya chombo. Zamani za kaseti, tepu ilitakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Betri zikichoka, mwendo ukashuka hadi karibu sentimita 4.5, muziki wote ulishuka nusu toni nzima, na mwanafunzi aliyekuwa akikaza nyuzi zake kwa kufuata kaseti alizikaza kwa kufuata uchovu wa betri. Simu haina ugonjwa huo, lakini ina mwingine. Simu ya kawaida ya sauti ilibuniwa kwa ajili ya mazungumzo, ikapitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde. Iritungu ni ala ya sauti nzito. Chukua uzi unaotetema mara 100 kwa sekunde. Pamoja na sauti hiyo ya msingi hutoa sauti za juu yake: 200, 300, 400, 500 na kuendelea. Simu inazitupa 100 na 200. Ajabu ni kwamba msikilizaji bado atasikia kana kwamba uzi wa 100 unalia! Ubongo huzipokea 300, 400 na 500, huona kwamba zinapishana kwa 100, kisha huirudisha wenyewe sauti ya msingi isiyokuwapo. Kwa hiyo wimbo utatambulika, lakini uzito wa ule mvumo, ambao ndio unaowafanya watu wasimame njiani kusikiliza, hautafika. Programu nyingi za mazungumzo pia huondoa zile zinazozihesabu kuwa kelele za chinichini, na mvumo unaoendelea huweza kuhesabiwa hivyo.

Je, kupiga pamoja, mwalimu Bagamoyo na mwanafunzi Gorong'a, kwa wakati mmoja? Wanamuziki huweza kwenda pamoja iwapo sauti ya mmoja inamfikia mwenzake kabla ya kupita takriban milisekunde 25 hadi 30, sawa na kukaa mita 8 hadi 10 katika hewa ya kawaida. Nuru ndani ya nyaya za kioo ingepita kilomita 800 kwa milisekunde 4 tu, kwa hiyo umbali wenyewe si kikwazo. Kikwazo ni mitambo ya njiani inayokusanya sauti, kuifinya, kuipanga foleni na kuifungua. Ucheleweshaji wa milisekunde 150 hausumbui mazungumzo. Kwa wapigaji wawili ni kuvurugana. Na ikiwa mawasiliano hupitia setilaiti zile zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwenda na kushuka tu ni karibu robo ya sekunde, wala hapana fundi wa mitambo atakayeipunguza, maana nuru yenyewe ndiyo inayochelewa.

Mshale wa simu

Lakini shida ninayoiona kubwa kuliko zote haitokani na posta wala mtandao. Inatokana na ile programu ndogo ya kukazia nyuzi ambayo kila mwanafunzi wa muziki hushauriwa kuiweka katika simu yake.

Programu hizo husikiliza uzi, kisha huonyesha mshale. Mshale ukisimama katikati, uzi ni sahihi. Ukiegemea upande, uzi umekosea. Umekosea kwa kipimo cha nani? Kwa kipimo cha ngazi ya muziki ya Ulaya, ambayo hugawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa, kila hatua ikiwa ni kuzidisha kwa 1.0595. Tuseme fundi mzee amekaza uzi mmoja ukatetema mara 113 kwa sekunde. Katika ngazi ile kuna sauti ya 110 na inayofuata ni 116.5. Uzi wa mzee uko karibu katikati ya hizo mbili. Mshale utaegemea pembeni kabisa na kudai ulegezwe. Kijana mtiifu ataupunguzia mvutano kwa asilimia 5 hivi, mshale utatulia, naye atafurahi. Akifanya hivyo kwa nyuzi zote nane, mbele yake kutakuwa na iritungu lenye umbo la Kikurya na sauti ya kinanda.

Jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alipima ngazi za muziki za mataifa mbalimbali, akabuni kipimo kinachoitwa senti: oktava moja ni senti 1,200, na nusu toni ya kinanda ni senti 100. Akahitimisha kwamba hapana ngazi moja ya muziki iliyowekwa na maumbile kwa watu wote. Ziko nyingi, na kila moja ina utaratibu wake. Inasemekana Ellis mwenyewe hakuwa na sikio la muziki hata kidogo. Alimtegemea mwenzake Alfred Hipkins kusikiliza, kisha yeye akahesabu. Mwenye sikio na mwenye vipimo walifanya kazi pamoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amekosea kwa sababu mshale umesema hivyo.

Hapa ndipo mpango wa kufundisha sanaa kwa masafa unapoweza kuleta faida au hasara katika mahali kama Gorong'a. Mpango ukitungwa kana kwamba kijiji hakina kitu, kwamba ujuzi wote uko makao makuu na kazi ni kuuteremsha, basi utamfundisha kijana kinanda kwa taabu, na huku mzee ajuaye iritungu yuko nyumba ya tatu kutoka kwake akizeeka bila mwanafunzi. Mpango ukitungwa kama ule wa walimu wa miaka ya 1970, mambo yatapangwa kwa namna nyingine. Chuo kilicho mbali kitume kinachosafiri vizuri: historia ya sanaa, nadharia ya sauti, sheria za ushairi, namna ya kuandika mradi na kutunza haki za msanii. Mzee wa karibu atoe kisichosafiri: mkono, sikio, wakati wa kupiga na wakati wa kunyamaza. Naye alipwe kama mkufunzi, si kuitwa siku ya sherehe ya shule akapewa soda. Hajasoma cheti, lakini wale wakufunzi waliowatembelea walimu vijana vijijini hawakupimwa kwa vyeti peke yake, bali kwa kuijua kazi.

Wapo watakaouliza mtihani wa ujuzi huo utasahihishwaje. Ni swali la haki, nami sioni kwamba limekwisha kujibiwa. Mtahini asiyejua mkazo wa nyuzi wa Kikurya anaweza kumnyima alama yule aliyepiga sawasawa na kumpa yule aliyefuata mshale. Angalau awe na vipimo vya mahali hapo mkononi, na vipimo hivyo havitapatikana mpaka mtu avichukue.

Kazi ambayo shule inaweza kuifanya

Kuvichukua si kazi ya chuo kikuu peke yake. Shule yoyote ya sekondari yenye simu moja ya kurekodi, mwalimu wa fizikia na mzee aliye tayari yaweza kuifanya katika muhula mmoja.

Programu ya kupimia ichaguliwe ile inayoonyesha mitetemo kwa sekunde, yaani hezi, na majina ya noti za kinanda yapuuzwe. Mzee akaze ala yake mwenyewe mpaka aridhike, bila mtu kumwonyesha simu. Kisha apige uzi mmoja mmoja, kila mmoja mara tano, na wanafunzi waandike hezi za kila pigo na kutafuta wastani. Chukueni uzi mzito kuliko wote kuwa msingi. Kwa kila uzi mwingine gawanyeni hezi zake kwa hezi za msingi, tafuteni logi ya jibu katika kipeo cha 10, kisha zidisheni kwa 3,986. Mtapata senti. Kwa mfano 113 ikigawanywa kwa 110 ni 1.0273, logi yake ni 0.0117, na jibu ni karibu senti 47. Hesabu hii haihitaji zaidi ya jedwali la logi.

Rudieni upimaji asubuhi yenye umande na tena mchana wa jua. Ngozi hunywa unyevu na kulegea, hukauka na kukaza, kwa hiyo hezi zenyewe huenda zikabadilika. Linalofaa kutazamwa ni kama senti kati ya uzi na uzi zimebadilika pia, na kama mzee huzirekebisha, anaanzia uzi upi. Mwulizeni sababu, na mwandike maneno yake kama alivyoyasema kwa Kikurya. Akiwapo fundi wa pili katika kijiji cha jirani, mpimeni naye, bila kumwonyesha hesabu za mwenzake.

Mwanzoni mwa kila rekodi lizeni uma wa sauti wa maabara, ule ulioandikwa 440 au wowote mlio nao, na mtaje namba yake kwa sauti, ili atakayeisikiliza mbali ajue kama chombo chake kinakwenda sawa. Baada ya uma, taja tarehe, saa na hali ya hewa, kisha jina la fundi ikiwa ameridhia litajwe, na mwisho jina ambalo yeye huupa kila uzi, kuanzia wa kwanza hadi wa nane.